Vidole Vinne Juu ya Tairi

Gari langu lilipokuwa na rimu zake za inchi 16, vidole vinne vilikuwa vinapita kati ya tairi na ukingo wa madigadi. Nilipofunga rimu za 18, ikapita ngumi nzima. Fundi wa tairi pale mtaa wa Gerezani, Dar, spana ya nati bado iko mkononi na jasho linamtiririka, alirudi nyuma hatua mbili, akalitazama gari kutoka ubavuni, akasema: "Dada, rimu zimekaa. Ila sasa hii ishushe kidogo. Springi tunatoa mzunguko mmoja na nusu tu, nakukatia hapa hapa kwa grenda. Nusu saa unaondoka imelala."

Mdogo wangu, aliyenisindikiza na ambaye ndiye aliyenitia hamu ya hizo rimu, akadakia: "Si nilikwambia, dada?"

Sikukataa. Niliwaambia nitarudi Jumamosi. Jumamosi hiyo ikawa miezi mitatu, na katika miezi hiyo nimelijua gari langu kuliko miaka yote niliyokuwa naliendesha tu.

Naomba nisieleweke vibaya: napenda gari lililolala. Kuna Mark X moja nyeusi huwa naikuta asubuhi kwenye foleni ya Ubungo, tairi zimeingia kidogo chini ya madigadi, gari limetulia barabarani kama limemwagwa pale. Kila nikiiona nashusha kioo ili niitazame vizuri. Langu ni hilo hilo, Toyota Mark X GRX120, V6 ya lita 2.5, rangi ya kijivu, nililinunua hapa hapa Dar mwaka 2019 kwa mtu aliyeliagiza kutoka Japani. Halina anasa ya ajabu, lakini nalipenda, nimelilipia kwa jasho, na sioni haya kutaka lipendeze.

Kitu kimoja kilinizuia kukubali grenda siku ile. Mimi ni mpima ardhi. Kazini siruhusiwi kusema kiwanja ni kikubwa au kidogo mpaka nimekipima, na pale Gerezani watu watatu tulikuwa tumesimama tunakata shauri kwa macho na ngumi.

Jioni nilipofika nyumbani Goba nikatoa futi kamba.

Ukitaka kujua gari limekaa juu kiasi gani, usipime kutoka juu ya tairi hadi madigadi, kwa sababu hapo umechanganya mambo mawili: urefu wa gari na ukubwa wa tairi. Pima kutoka katikati ya rimu, pale penye kofia, kwenda juu wima hadi ukingo wa madigadi. Hicho kipimo hakijali umefunga tairi gani. Kinakwambia habari za springi, si za tairi. Kwangu mbele kilisoma sentimita 40.5. Rimu za zamani zilikuwa zimeegemezwa ukutani kwenye stoo, nikamwomba mdogo wangu anisaidie tukafunga moja, tukashusha jeki, tukalisukuma gari mbele na nyuma kidogo ili litulie, tukapima tena. Sentimita 40.5. Maana yake gari halikuwa limenyanyuka hata kidogo kwenye springi. Basi ngumi imetoka wapi?

Imetoka ubavuni mwa tairi. Tairi za zamani zimeandikwa 215/60R16. Hiyo 215 ni upana kwa milimita. Hiyo 60 ni kimo cha ubavu wa mpira kwa asilimia ya upana, na asilimia 60 ya 215 ni milimita 129. Hiyo 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani milimita 406. Jumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata tairi lenye kipenyo cha milimita 664. Sasa njoo kwenye zile nilizonunua pamoja na rimu, mtumba, zikiwa tayari zimevishwa: 225/40R18. Asilimia 40 ya 225 ni 90. Rimu ni 457. Jumla ni 637.

Nililirudia hesabu mara mbili. Tairi nililoliona kubwa kwa macho ni dogo kwa futi, limepungua milimita 27. Nusu ya hizo, karibu sentimita 1.4, imeondoka juu, kwa hiyo pengo la madigadi limepanuka kwa kiasi hicho. Nusu nyingine imeondoka chini, kwa hiyo gari lote limeshuka sentimita 1.4 karibu na ardhi. Wakati fundi ananiambia nishushe gari, gari lilikuwa limeshashuka, na kushuka kwake huko ndiko kulikomfanya alione limepanda.

Kuna na la mwendo. Tairi likiwa dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ile ile, na dashibodi inahesabu mizunguko. Tofauti ya 637 na 664 ni kama asilimia 4, kwa hiyo mshale ukisimama kwenye 100 mimi niko kama 96. Kwa trafiki hilo halina ubaya. Kwa mtu anayefanya sevisi ya oili kwa kuhesabu kilomita, linamdanganya polepole.

225/40R18 ni saizi halali kabisa, ila ni ya gari jingine. Ni saizi ya Volkswagen Golf GTI, kwa mfano. Toyota wenyewe waliitoa Mark X hii na rimu za 18 katika toleo la S Package, na tairi walizoivisha ni 225/45R18. Tano tu imeongezeka hapo katikati. Lakini ipige hesabu: ubavu unakuwa milimita 101, tairi zima 660, sawa kabisa na la zamani ukiacha milimita 4 ambazo hakuna jicho la kuziona. Muuzaji hakunieleza, na mimi sikuuliza. Rimu ziling'aa, tundu za nati ni tano na zilikaa sawa kwenye ule mduara wa milimita 114.3, nikatoa pesa. Hata tundu la katikati sikulitazama. La Toyota yangu ni milimita 60.1, la rimu zile ni 73.1, na hazikuja na ringi za kujaza nafasi hiyo. Usukani ukaanza kutetemeka nikifika 90, nikahangaika na balansi mara mbili kabla mtu hajaniambia ninunue ringi nne za plastiki. Nikavisha, mtetemeko ukaisha siku hiyo hiyo.

Nilipaswa kubadili tairi mara tu baada ya kupiga ile hesabu. Sikubadili. Tairi zilikuwa bado na kashata, yaani meno ya mpira, za kutosha, pesa ilikuwa imekwisha, na Pasaka ilikuwa inakaribia.

Mama anaishi Soni, juu kule Lushoto. Tulitoka Dar saa kumi alfajiri, mimi na mdogo wangu na watoto wangu wawili, buti limejaa unga na sabuni na godoro dogo la mtoto. Tulishapita Chalinze, tunaelekea Segera, giza ndiyo linaanza kufifia, lori linakuja na taa kali, nikabana kushoto. Lile shimo sikuliona. Ulikuwa mlio mmoja, mfupi, kama nyundo imepigwa kwenye reli, na watoto wote wawili wakaamka kwa pamoja. Gari halikuyumba. Niliposimama mbele kidogo na kumulika kwa simu, ukingo wa ndani wa rimu ya mbele kushoto ulikuwa umepinda kama kifuniko cha chupa, na ubavuni mwa tairi kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai la kanga.

Nilisimama pale barabarani nikafikiria zile milimita 39. Tairi la zamani lilikuwa na mpira wa milimita 129 kati ya lami na chuma. Hili lilikuwa na 90. Ule mpira ni springi ya kwanza ya gari, unapokea kabla ya springi za chuma hazijajua kuna nini. Nilikuwa nimeupunguza karibu theluthi nzima bila kuambiwa na bila kujiuliza, halafu nikapakia watoto. Tulifunga spea, nikaendesha taratibu hadi Mombo, na zile kona za kupanda Soni nilizipanda kwa mwendo wa baiskeli.

Baadaye nilizisoma zile tairi vizuri, herufi kwa herufi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya dukani. Kulikuwa na namba 88, maana yake kila moja imeruhusiwa kubeba kilo 560. Za zamani zilikuwa 95, yaani kilo 690. Na ndani ya kile kiduara kirefu cha mwisho kulikuwa na tarakimu nne, 3214. Hiyo ni wiki ya 32 ya mwaka 2014. Zilikuwa na kashata, ndiyo. Zilikuwa pia zimezeeka.

Soni kulitokea jambo jingine dogo ambalo sijalisahau. Mama ana magoti mabovu, miaka mingi sasa. Jumatatu ya Pasaka nilimpeleka kanisani, akafungua mlango, akageuza mgongo, akakaa, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili, akashusha pumzi. "Mwanangu," akasema, "hili gari lako nalipendea hapa. Silipandi kama daladala, wala siliangukii kama lile la mjomba wako. Najikalia." Mdogo wangu alikuwa amesimama upande wa pili. Tulitazamana juu ya paa, hakusema neno kuhusu springi mpaka tuliporudi Dar.

Turudi kwenye gereji. Huku mbele kushoto, baada ya lile shimo, kulianza mlio wa kugonga kila tairi linapodondoka kwenye kishimo. Haukusikika linapopanda, ulikuja linapodondoka. Nikaenda kwa fundi wangu wa Tabata, mzee wa makamo aliyeanza na Peugeot 504 na ambaye hana haraka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Limekugonga wapi?"

Alipandisha jeki, akatoa tairi, akaingiza kichwa chote ndani ya madigadi na tochi mdomoni. Alikaa humo kwa muda. Alipotoka akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mama, hii gari nani aliinyanyua?"

Nikamwambia hakuna aliyeinyanyua.

Akanishika mkono akanionyesha. Juu kabisa ya shokapu, pale inapofungwa kwenye bodi, kulikuwa na kipande cha aluminiamu kilichochongwa mviringo, unene wa sentimita 2, kimeshikwa na bolti ndefu kuliko zile za kiwandani. Vumbi lilikuwa limekitandika mpaka kikafanana rangi na kila kitu kilichokizunguka. Spesa. Kulikuwa na nyingine upande wa pili, na mbili nyuma.

Kwa msomaji asiye wa Tanzania nieleze. Huku kwetu gari dogo likishatoka bandarini, kituo cha pili mara nyingi ni kwa fundi wa spesa. IST, Vitz, Crown, Mark X, zote hunyanyuliwa, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani na sisi tunazipeleka Goba na Kinyerezi na Chanika. Mtu aliyeniuzia gari alikuwa amelinyanyua na hakuniambia, pengine hata yeye alishasahau. Miaka yote hiyo nilidhani ndivyo Mark X ilivyokaa.

Sasa fikiria kama Jumamosi ile ningerudi Gerezani. Springi ingekatwa mzunguko mmoja na nusu ili gari lishuke, na spesa ya kulinyanyua ingebaki pale juu, haijulikani. Gari moja, mkono mmoja unalivuta juu na mwingine unalisukuma chini, na mimi naendesha katikati na watoto. Hili ndilo linanikera mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike. Tunaanza kuongeza juu ya gari ambalo hatujui limeshaongezwa nini.

Mlio nao mzee aliueleza kwa mikono yake. Spesa ikikaa juu ya shokapu, inalisukuma tairi lishuke chini kuliko mwisho wake wa kawaida. Mkono wa juu, ule wa chuma unaoshika tairi, unavutwa, na boljointi, kile kiungo cha kichwa cha mviringo kilicho mwisho wake, inafika ukingoni mwa safari yake na kugonga. Kibuti cha mpira kinachoifunika kilikuwa kimepasuka, grisi imetoka, mchanga umeingia. Akakifinya kwa vidole, kikatoa unga mweusi.

Nikamwuliza moja kwa moja kuhusu kukata springi. Hakunihubiria. Alichukua springi mbovu iliyokuwa imelala kwenye kona, akaniambia niikandamize kwa miguu, nikashindwa. "Springi fupi ni ngumu kuliko ndefu ya waya ule ule," akasema. "Ukiikata unashusha gari, na unaifanya ngumu, ila huijui ngumu kiasi gani. Na hii ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake. Ukinyanyua jeki inaweza kuchomoka." Kisha shokapu: ina safari yake ya kupanda na kushuka, na gari likishushwa sentimita 3, sentimita 3 za safari ya tairi kupanda zimekwenda. Kinachobaki kikiisha, inagonga stopa ya mpira, na ikigonga kila siku inakufa. Na tairi: Mark X mbele ina mikono miwili, juu na chini, na ikishuka tairi linaanza kulalia ndani. Likilalia ndani na alaimenti, yaani mkao wa pembe za tairi, haijarekebishwa, ubavu wa ndani unaliwa hadi nyuzi kabla ya nje hapajachakaa, na wewe unaona nje tu.

Hakusema kushusha ni vibaya. Alisema kama nataka kushusha, ninunue springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hili na shokapu zinazoendana nazo, au koilova kamili, yaani springi na shokapu zilizoungana na zinazorekebishwa kimo, na mikono ya kurekebisha, kisha alaimenti. Nilipopiga bei ya vyote, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya nilichotoa kwenye rimu. Naona huu ni ushauri wa haki, na wapo wanaoufuata wakafurahi. Rafiki wa mdogo wangu anakaa Masaki, kazi yake iko Posta, lami mlango hadi mlango. Ameshusha kwa koilova na gari lake linakwenda vizuri kuliko langu kwenye kona. Japani wenyewe wanashusha sana, na sheria yao inataka tu sehemu ya chini kabisa isipungue sentimita 9 kutoka ardhini. Sentimita 9! Mtaani kwetu hilo gari lingefia kwenye tuta la kwanza.

Ndiyo, tuta. Hapo ndipo uamuzi wangu ulipofanyikia kweli.

Njia ya kwetu ina tuta moja la zege ambalo wakazi walilimwaga wenyewe baada ya bodaboda kumgonga mtoto wa jirani. Mtoto alipona, mguu ukabaki na kasoro. Hakuna mtu mtaani anayelisemea vibaya lile tuta, na mimi simo. Lakini nililipima. Nilivuta uzi kutoka upande mmoja hadi mwingine, nikaweka levo, nikashusha futi katikati. Kimo sentimita 13. Upana, kutoka linapoanza hadi linapoishia, sentimita 60 tu.

Halafu nikapima chini ya gari, pale palipo chini kuliko pote, kwenye bomba la ekzosi katikati. Kwa rimu za zamani na spesa: sentimita 17.5. Kwa zile tairi ndogo: 16.1. Kwa tairi sahihi za 225/45 ingekuwa 17.3. Nikitoa spesa, gari lingeshuka sentimita 2.7. Spesa yenyewe ni 2, lakini shokapu imefungwa ndani kidogo ya tairi, kwa hiyo kinachofanyika juu yake kinaongezeka kikifika kwenye tairi. Ingebaki 14.6. Nikapakia watu wanne na mizigo kama ya Pasaka, katikati ya gari pakashuka sentimita 2 nyingine. 12.6 dhidi ya 13.

Na kama ningeweka springi za kushusha sentimita 3 juu ya hapo, ni 11.6 hata nikiwa peke yangu.

Lakini subiri. Gari hili kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni mita 2.85. Tuta la sentimita 60 linaingia lote katikati ya tairi, tairi za mbele zimeshashuka, za nyuma hazijapanda, na tumbo la gari ndilo linalopita juu ya zege kwa kimo chake chote. Lipo tuta la aina nyingine, lile lililobuniwa kwenye maabara ya barabara ya Uingereza miaka ya 1970, linaloitwa tuta la Watts: kimo sentimita 10, ila urefu mita 3.7, limepinda taratibu kama mgongo wa ngalawa iliyopinduliwa. Urefu wake unazidi nafasi ya tairi zangu. Katikati ya gari inapofika kileleni, tairi zote nne bado ziko juu ya tuta, kama sentimita 4 kutoka lami. Tumbo linahitaji sentimita 6 tu kupita. Gari la Japani la sentimita 9 linapita bila kugusa, na bado dereva analazimika kupunguza mwendo, na mtoto anavuka.

Nililichora hili kwenye karatasi ya grafu usiku nikalitazama muda mrefu. Kwa miaka tumekuwa tukinyanyua magari, tukipasua boljointi, kwa sababu ya umbo la zege.

Katika zile siku nilikuwa nafuatilia pia Safari Rally ya Naivasha, ambayo ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Kuna kitu sikuwa nimewahi kukizingatia. Magari yale yale, yenye mafundi bora duniani na pesa isiyohesabika, kwenye vumbi na mawe huvaa rimu za inchi 15 na mpira mnene. Za 18 huvaliwa kwenye lami, na ni kwenye lami ndipo gari hushushwa. Mdogo wangu alikaa kimya nilipomwonyesha. Kisha akasema, "Ila wao hawaendi harusini na lile gari." Ana haki. Mimi naenda harusini, na naenda Soni, kwa gari hilo hilo.

Basi nimefanya hivi. Nimebaki na rimu za 18, ile iliyopinda ilinyooshwa na fundi wa rimu, imezunguka sawa kwenye mashine, na nimeiweka nyuma. Nimenunua tairi mpya nne za 225/45R18 zenye namba 95, kilo 690 zangu zimerudi. Nimetoa spesa zote, nimebadili boljointi mbili za juu, nimefanya alaimenti. Springi sijazigusa. Gari liko pale Toyota walipoliweka.

Kutoka katikati ya rimu hadi madigadi sasa ni sentimita 37.8. Pengo juu ya tairi limebaki sentimita 4.8, vidole viwili na nusu vyangu. Siku tuliyolitoa gereji nililiegesha kivulini, nikarudi nyuma hatua mbili kama yule fundi wa Gerezani. Halijalala kama lile jeusi la Ubungo. Limekaa tu, kama mtu aliyenyoosha mgongo baada ya kubeba mzigo. Mdogo wangu alilizunguka, akaingiza vidole, akasema bado sentimita 2 lingekuwa poa zaidi. Huenda. Siku barabara ya kwetu ikipata lami nitamsikiliza tena.

Mama aliposhuka Dar mwezi uliopita kwa kliniki, nilisimama pembeni ya mlango nikiwa na wasiwasi, maana zile sentimita zilizoshuka ni za kwake. Alikaa, akaingiza mguu, akaingiza wa pili, na safari hii alishika mkono wa juu ya mlango. Sikuona akifanya hivyo Pasaka. Nimeweka mto mwembamba kwenye kiti chake, na nitaona atakavyosema.

Kwenye tuta napita mshazari, tairi moja moja, na gari likijaa abiria wawili wanashuka. Nimeshaongea na mjumbe. Jumapili baada ya ibada tunakutana kwake, wazazi wa yule mtoto wamekubali kuja, na mimi nitakuja na ile karatasi ya grafu: mita 3.7 kwa sentimita 10, mifuko ya saruji inayohitajika, na kibao cha mbao nilichokata kwa umbo hilo ili fundi wa zege asibahatishe.